Saini za Wanafunzi wa Drumchapel



Wapendwa wasomaji wetu, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, vijana wa kwaya walitujia ofisini wakiwa na karatasi mbili zilizokunjwa. Walikuwa wameandika barua kwa ajili ya mwenzao, kijana aliyekulia miongoni mwao baada ya wazazi wake kukimbia vita, ambaye sasa familia yake imeambiwa iondoke nchini. Jina lake hatulitaji hapa kwa sababu ambazo kila mmoja atazielewa. Vijana wale walitaka tuisome barua kabla hawajaanza kukusanya saini. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwapo akaisoma, akaikunja tena, akauliza swali ambalo tumekaa nalo juma zima: saini za watoto wasio na kura wala cheo zina uzito gani mbele ya Serikali?

Hatukumjibu siku ile. Leo tungependa kumjibu kwa njia ya historia, kwa kuwa swali lake limekwisha kujaribiwa mahali pengine, na matokeo yake yanajulikana, yale mema na yale yasiyo mema.

Tuanze na jibu la kale, ambalo wengi wetu tungelitoa haraka: mtu aliye hatarini akimbilie kanisani. Jibu hilo lina mizizi mirefu. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kinataja miji sita ya makimbilio kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia. Mtaguso wa Orléans wa mwaka 511 ulithibitisha kwamba aliyekimbilia kanisani asitolewe humo kwa nguvu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa bado na kanuni, ya 1179, iliyotamka kwamba kanisa lina haki ya kutoa hifadhi. Ajabu ni kwamba Sheria mpya ya mwaka 1983 haina kanuni ya namna hiyo. Upande wa dola, Uingereza ilikuwa imekwisha kuifuta haki hiyo katika sheria zake tangu mwaka 1624. Kwa hiyo, katika zama zetu, aliyejifungia kanisani amelindwa na kitasa cha mlango na aibu ya yule atakayeuvunja, basi.

Je, aibu inatosha? Mwezi Desemba 1986, Viraj Mendis, raia wa Sri Lanka aliyekuwa ameishi Uingereza tangu 1973, aliingia katika kanisa la Kianglikana la Ascension, mtaa wa Hulme, mjini Manchester, baada ya kuamriwa kuondoka nchini. Alisema kwamba akirudishwa maisha yake yatakuwa hatarini, kwa kuwa yeye, Msinhala, aliunga mkono madai ya Watamil. Padre wa kanisa lile alimpokea, na watu wengi wakajitokeza kumtetea. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1989 polisi wapatao mia moja walivunja mlango wakamtoa, na siku chache baadaye alikuwa ndani ya ndege kwenda Colombo.

Miaka saba baadaye yalitokea ya Paris, ambayo wazee wetu waliosikiliza redio za nje huenda bado wanayakumbuka. Waafrika wapatao mia tatu, wengi wao kutoka Mali na Senegali, waliosumbuliwa na sheria ngumu za mwaka 1993, waliingia katika kanisa la Saint-Ambroise mwezi Machi 1996, wakatolewa siku chache baadaye, wakahangaika huku na huko, na tarehe 28 Juni wakaingia katika kanisa Katoliki la Saint-Bernard, kaskazini mwa jiji. Wengi wao hawakuwa wakimbizi kwa maana kamili ya sheria, lakini hofu ya kufukuzwa ilikuwa ileile. Paroko, Padre Henri Coindé, hakuwafukuza. Wanaume kumi walifunga kula kwa siku zipatazo hamsini. Tarehe 23 Agosti, asubuhi, askari zaidi ya elfu moja walilizingira kanisa, wakavunja mlango kwa mashoka mbele ya kamera za televisheni. Hata hivyo mahakimu waliwaachilia wengi wa waliokamatwa, na mwaka uliofuata serikali mpya ilianza zoezi lililowapatia vibali watu wapatao elfu themanini kote Ufaransa. Mlango ulivunjika, lakini mashoka yale yaliyoonekana na Ufaransa nzima yaliwasemea wale watu kuliko hotuba nyingi.

Hapa ndipo tunapoanza kuliona jambo. Kumfukuza mtu nchini ni kazi inayopenda ukimya. Hufanyika kwa urahisi pale ambapo anayeondolewa ni namba ya jalada, pale ambapo majirani wamelala, na pale ambapo darasani kiti kinabaki kitupu na hakuna anayeuliza. Kuta za kanisa zilisaidia kwa kiasi kilekile ambacho watu walijua nani yumo ndani. Tukilishika hilo, tutaelewa kwa nini wasichana saba wa shule moja huko Uskoti walifaulu mahali ambapo kuta zilishindwa.

Mwaka 1999 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwatawanya waomba hifadhi, wasirundikane London na kusini-mashariki. Kuanzia mwaka 2000 jiji la Glasgow lilikubali kuwapokea, kwa kuwa lilikuwa na nyumba nyingi tupu katika maghorofa marefu ambayo wenyeji wenyewe walikuwa hawayataki tena. Hivyo watu waliokimbia vita vya Kosovo, Somalia, Iraki na kwingineko wakawekwa katika baadhi ya mitaa maskini kabisa ya nchi ile. Tusidhani kwamba upendo uliwangojea ngazini. Mwezi Agosti 2001, Firsat Dag, Mkurdi wa Uturuki mwenye umri wa miaka 22, aliuawa kwa kuchomwa kisu katika mtaa wa Sighthill. Baada ya mauaji hayo wakimbizi waliandamana, na wenyeji wakaandamana pamoja nao. Urafiki wa Glasgow, basi, ulijengwa polepole na penye damu. Tunalisema hili kwa sababu wanaosimulia habari hizi mara nyingi huanzia mahali pazuri.

Mahali pazuri penyewe ni Shule ya Sekondari ya Drumchapel, katika mtaa wa jina hilo, pembezoni mwa jiji. Shule hiyo ilipokea watoto wa waomba hifadhi, na mwalimu Euan Girvan alikuwa akiwasaidia wale waliokuwa bado wakijifunza Kiingereza. Katika kundi la marafiki walikuwamo Amal Azzudin kutoka Somalia, Roza Salih, Mkurdi kutoka Iraki, Ewelina Siwak, Mroma kutoka Poland, na Agnesa Murselaj, Mroma kutoka Kosovo. (Waroma tunaowasema hapa si watu wa Roma ya Papa, ni lile taifa la watu waliotawanyika Ulaya nzima, ambao karibu kila nchi imewatesa kwa wakati wake.) Vita vya Kosovo vilipokwisha mwaka 1999, Waroma wa huko walishambuliwa na kuchomewa nyumba kwa kudhaniwa kwamba walikuwa upande wa Waserbia. Familia ya Agnesa ilikuwa na sababu za kutosha za kuogopa kurudi.

Mapema mwaka 2005, alfajiri moja, maafisa wa uhamiaji walifika nyumbani kwa akina Agnesa wakaichukua familia yote. Agnesa alikuwa na umri wa miaka 15. Walisafirishwa mamia ya kilomita hadi Yarl's Wood, kituo cha kuwazuilia wahamiaji huko Bedfordshire, Uingereza, kungojea ndege. Shuleni kiti chake kilibaki kitupu.

Marafiki zake walikwenda kwa mwalimu wao kuuliza la kufanya. Wangeweza kuandika juu ya haki za binadamu duniani, na wasingekosea, lakini walianza na mwenzao kwa jina lake. Waliandika waraka wa kuomba arudishwe, nao ukazunguka madarasani hadi saini za wanafunzi zikawa nyingi. Amal na Roza waliweka saini wakijua kwamba hata majina yao wenyewe yamo katika majalada ya wizara ileile. Wao pia walikuwa wakingoja majibu. Jennifer McCarron, Emma Clifford na Toni-Lee Henderson, waliokuwa nao bega kwa bega, hawakuwa na hofu ya kufukuzwa na mtu yeyote, na kwa hiyo hawakuwa na faida yoyote ya kupata isipokuwa kumpata tena rafiki yao. Tukiulizwa ni saini zipi kati ya hizo zilizokuwa nzito zaidi, tunakiri kwamba tumeshindwa kuamua.

Waandishi wa habari walikuja. Wanasiasa wakaanza kuuliza maswali. Yafaa hapa kueleza jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, maana watu hudhani kwamba waziri husoma barua, akalia machozi, akabadili mawazo. La hasha. Barua hununua siku. Mbunge akiandika, na wakili akipata nafasi ya kupeleka ombi mahakamani, safari huweza kuahirishwa. Na jalada lililokuwa limefungwa hufunguliwa na afisa mwingine, ambaye sasa anajua kwamba kuna watu wanaotazama. Baada ya majuma kama matatu, Agnesa na familia yake waliachiliwa wakarudi Glasgow.

Kama hadithi ingeishia hapo tungekuwa na kisa kizuri cha kuwasimulia watoto wa Kipaimara, na mzee wetu angeweza kusema kwamba ilikuwa bahati. Lakini mwezi Septemba mwaka uleule maafisa walikuja tena alfajiri, safari hii kwa familia nyingine iliyokuwa na mtoto katika shule ileile. Wasichana walipiga kelele zilezile, kwa ujuzi zaidi kuliko mara ya kwanza. Familia ile iliondolewa nchini, ikapelekwa Albania. Hawakurudi.

Tunakaa kidogo hapa, kwa sababu igizo la muziki lililotungwa juu ya wasichana hawa mwaka 2012, na filamu ya televisheni ya mwaka 2014, huwafanya watu wakumbuke ushindi. Waliofanya kazi yenyewe walikuwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, na katika mwaka mmoja walijifunza kwamba juhudi zilezile huweza kumrudisha mmoja na kumpoteza mwingine. Hawakuacha. Walikwenda bungeni Edinburgh wakaonana na Jack McConnell, Waziri Kiongozi wa Uskoti (cheo ambacho jina lake Wazanzibari wa enzi zile walilijua vema), aliyepata kuwa mwalimu wa hisabati kabla ya siasa. Walimweleza ana kwa ana kwamba watoto wenzao wanashindwa kulala kwa kuogopa mlango kugongwa. Yeye aliahidi kuzungumza na London, kwa kuwa mambo ya uhamiaji hayakuwa katika madaraka ya Uskoti. Makubaliano waliyoyatarajia kutokana na ahadi ile hayakupatikana, nao hawakuficha kwamba wamevunjika moyo. Mwishoni mwa mwaka walipewa tuzo ya kampeni bora ya mwaka katika Uskoti. Tuzo ni jambo jema, lakini haikumrudisha aliyekwisha kupelekwa Albania.

Wakati huohuo, si mbali na Drumchapel, katika maghorofa ya Kingsway, watu wazima walikuwa wakifanya yao bila kamera. Jean Donnachie, mwanamke mwenyeji wa pale, na majirani wenzake walizoea kuamka kabla ya mapambazuko, kusimama zamu wakiangalia kama magari ya uhamiaji yanaingia, na kuwapigia simu wale waliotafutwa ili watoke mapema au wajifiche nyumbani kwa jirani. Kwa wasomaji wetu wanaosali alfajiri tunawaomba waitafakari zamu hiyo: wanawake wa makamo, katika baridi ya Uskoti, wakilinda usingizi wa watoto wasio wao.

Mambo yalichukua miaka. Mwaka 2010 serikali mpya ya Uingereza ilitangaza kwamba itaacha kuwaweka watoto kizuizini kwa sababu za uhamiaji. Mwaka huohuo sehemu ya familia ya Yarl's Wood ilifungwa, na watoto wakaacha kupelekwa Dungavel, kituo cha Uskoti kilichokuwa hapo zamani nyumba ya kuwindia ya makabaila. (Ni kulekule Dungavel ambako Rudolf Hess, msaidizi wa Hitler, alikuwa anaelekea aliporuka kwa mwavuli mwaka 1941, nyumba nyingine zina bahati ya wageni wa ajabu.) Wapo waliosema mabadiliko hayo hayakuwa kamili, na kwa sehemu walikuwa na haki, kwa maana mwaka 2011 kilifunguliwa kituo kingine cha kuzishikilia familia kwa siku chache kabla ya safari. Lakini kuwaweka watoto mahabusu kwa majuma mengi kulikuwa kumeanza kuonwa kuwa aibu, na aibu ile haikuanzia kwa mawaziri.

Roza Salih alikua, akasoma chuo kikuu, akapigania nafasi za masomo kwa vijana waomba hifadhi, na mwezi Mei 2022 akachaguliwa kuwa diwani wa jiji la Glasgow. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, gari la uhamiaji liliwachukua wanaume wawili wenye asili ya India katika mtaa wa Kenmure, Glasgow. Mtu mmoja alijilaza chini ya gari lisiweze kuondoka. Majirani wakatoka, kwanza wachache, kisha mamia, wakakaa barabarani wakidai kwamba majirani zao waachwe. Baada ya saa zipatazo nane polisi waliamua kuwaachilia wote wawili. Waliokaa barabarani siku ile wengi walikuwa watoto mwaka 2005, au hawakuwa Glasgow kabisa. Hatudai kwamba wasichana wa Drumchapel waliwafundisha. Tunasema tu kwamba katika jiji lile kukawa na mazoea.

Sasa tugeukie kwetu, maana ni rahisi kuwasifu Waskoti kutoka mbali. Nchi yetu imepokea wakimbizi wengi kuliko Uskoti itakavyopokea kamwe. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Mwezi Desemba 1996 Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na karibu nusu milioni wakarudi, wengine wakisukumwa na askari waliofunga njia nyingine zote. Miongoni mwao walikuwamo wauaji, na hilo tusilifiche. Lakini walikuwamo pia wengi ambao kosa lao lilikuwa kukimbia tu.

Tujiulize: ni nani kati yetu alimjua mmoja wao kwa jina? Tuliwajua kwa idadi, kwa mahema ya buluu, kwa foleni za maji, na kwa miti iliyokatwa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilitaka wakimbizi waishi katika maeneo maalumu. Huko Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, watoto walizaliwa, wakasoma na kuoa kambini, kwa shule zao na mitaala yao, mbali na dawati la mtoto wa Kasulu mjini. Sababu za usalama zilikuwapo, nasi hatuzidharau. Lakini Drumchapel isingeandika barua kama Agnesa angesoma nyuma ya uzio.

Upande mwingine, wale Warundi waliokuja mwaka 1972 wakapewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walilima, wakauza mahindi yao katika masoko yetu, watoto wao wakasema Kiswahili kama sisi. Mwaka 2014 wapatao 162,000 walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania. Ilichukua miaka arobaini na zaidi, lakini ilipofika siku ile, walikuwa wamekwisha kuwa watu wanaojulikana.

Basi tumrudie mzee wetu na swali lake. Saini ya mtoto haina uzito wa sheria, wala haimlazimishi waziri. Inachoeleza ni kwamba mtu huyu akiondolewa, kuna mahali atakapokosekana, na kuna watu watakaouliza yuko wapi. Huko Glasgow ilitosha mara moja, na mara ya pili haikutosha. Tulimwambia hivyo Jumatano jioni, baada ya jumuiya, bila kuongeza chumvi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba barua yenyewe imeandikwa vibaya.

Alikuwa sahihi. Vijana walikuwa wameandika kurasa mbili juu ya Umoja wa Mataifa na mikataba yake, na mstari mmoja tu juu ya rafiki yao. Tuliwaomba waiandike upya: yuko kidato gani, amekuwa parokiani tangu lini, anaimba sauti ipi, ni nani anayewafundisha wadogo zake masomo ya jioni, na mama yake anauza nini sokoni. Waliirudisha Ijumaa, ikiwa fupi zaidi na yenye makosa machache ya tahajia ambayo tumeyaacha kama yalivyo. Mzee yule aliitia saini akiwa wa tatu.

Barua iko kwa katibu wa parokia, kila siku baada ya Misa ya asubuhi, hadi Jumamosi saa kumi jioni. Wasiojua kuandika waweke dole gumba. Kidau cha wino kipo.